Maumivu Yenye Mizizi Miwili: Jinsi ya Kutumia Akupancha Pale Mwili na Moyo Vinapouma Pamoja

Kiswahili hakijapata kuyatenga maumivu ya mwili na maumivu ya moyo. Neno moja, uchungu, linatosha kwa dawa isiyonyweka, kwa mama aliyekaribia kujifungua na kwa mfiwa. Na maneno makali ya mtu wa karibu tunasema yanakata maini, ingawa hakuna kisu kilichoguswa. Wengi wetu tunalijua hilo kwa mdomo, lakini shingo ikikaza miezi minne mfululizo tunatafuta sababu kwenye mto wa kulalia, kwenye kiti cha kazini na kwenye umri, wala hatukumbuki kwamba ilianza kukaza wiki ileile tulipoachishwa kazi au tulipoachwa na tuliyempenda.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: ana maumivu ya muda mrefu ya shingo, kichwa, mgongo au tumbo, ameshapimwa, na anashuku kwamba hali ya moyo wake inachangia. Akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili ambayo chimbuko lake ni China, ni mojawapo ya tiba zinazoweza kumfaa. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: sindano haiendi kuchomoa huzuni mahali ilipojificha. Inachoweza kufanya ni kupunguza sauti ya king'ora cha maumivu kwa saa au siku kadhaa, na faida ya tiba nzima hutegemea sana jinsi mgonjwa anavyozitumia saa hizo.

Huzuni inavyoshuka hadi kwenye misuli

Kabla ya kuendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Kaa kama ulivyokaa, kisha fikiria ujumbe mmoja ambao umekuwa ukikwepa kuujibu, au mazungumzo ambayo unajua lazima yafanyike na hutaki yafanyike. Subiri kwa muda wa pumzi tano. Sasa jikague: meno ya juu na ya chini yamegusana au yameachana? Mabega yako wapi ukilinganisha na masikio? Tumbo limelegea au limekazwa, na pumzi inafika wapi kabla ya kugeuka? Wengi hukuta taya limebana, mabega yamepanda na pumzi inaishia kifuani. Hayo yameletwa na wazo moja, kwa muda usiofika dakika moja. Misuli hiyohiyo ikishikiliwa hivyo sehemu kubwa ya siku, kwa miezi, haina budi kuuma.

Hiyo ni njia moja. Ya pili inapita kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia iliyobadilisha namna tabibu anavyoyaelewa maumivu. Walisema kwamba uti wa mgongo hauipitishi taarifa ya maumivu ubongoni kama bomba linavyopitisha maji, bali una kitu mfano wa lango, ambalo taarifa nyingine za mwili, kama mguso, pamoja na amri zinazoshuka kutoka ubongoni, huweza kulifunga au kulifungua zaidi. Ndiyo maana mchezaji huweza kumaliza mchezo akiwa na kifundo kilichoteguka asikisikie, ilhali mtu aliyekesha akiwaza madeni husikia kila pigo la jino bovu. Hofu, hasira iliyomezwa na majonzi hulisukuma lango hilo liwe wazi.

Njia ya tatu ni ya taratibu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: usingizi. Mwenye mawazo halali vizuri, asiyelala vizuri huumia zaidi kesho yake, na anayeumia huongeza mawazo. Mzunguko huo ukidumu, mishipa ya fahamu huwa myepesi kushtuka hata pale ambapo jeraha la awali lilishapona, na mguso ambao zamani haukuwa kitu unaanza kuuma.

Haya si maneno ya mtaani. Mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Uchunguzi wa Maumivu, IASP, ilipitia upya tafsiri yake rasmi ya maumivu, na tafsiri hiyo inayataja kuwa ni hali isiyopendeza ya kihisia, ya mwili na ya moyo pia, inayohusiana na madhara ya mwili au inayofanana na ile inayohusiana na madhara hayo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo ina kundi la maumivu sugu ya msingi, yaani yale yanayodumu zaidi ya miezi mitatu, yanayoambatana na dhiki kubwa ya kihisia au kushindwa kufanya shughuli za kawaida, na ambayo hayaelezwi vyema zaidi na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo ukiambiwa vipimo ni safi, hujaambiwa kwamba unajifanya.

Kwanza, hospitali

Sehemu hii ni fupi lakini haina mjadala. Maumivu ya kifua yanayobana au kusambaa hadi mkononi au kwenye taya, maumivu ya kichwa yaliyolipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja, miguu inayopoteza nguvu, homa isiyoeleweka, na kupungua uzito bila sababu, yote hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo au mapema iwezekanavyo, wala si ya sindano. Vilevile mtu ambaye huzuni yake imefika mahali pa kufikiria kujidhuru anahitaji kumwambia mtu leo, na kufikishwa kwa mhudumu wa afya leo. Akupancha inaweza kuja baadaye.

Daftari la wiki mbili

Hatua ninayoithamini kuliko zote hufanyika kabla ya kumwona mtaalamu wa sindano, na inahitaji daftari na kalamu tu. Kwa wiki mbili, mara tatu kwa siku, andika maumivu yako kwa namba kuanzia 0, ambayo ni hakuna maumivu, hadi 10, ambayo ni makali kuliko unavyoweza kufikiria. Kando ya namba, andika kilichotangulia katika saa chache zilizopita: ulifanya nini, ulizungumza na nani, ulikula na kulala vipi, na moyo ulikuwaje. Usiandike sababu. Andika matukio tu, kwa sababu ukianza kutafuta sababu mapema utaiona ile unayoitaka.

Kurasa za daftari la mtu mwenye shingo inayouma zinaweza kusomeka hivi. Jumanne, saa 3 usiku: shingo 7, simu ya kaka, tumezungumzia tena nyumba ya marehemu baba, sikumjibu, nimekata simu. Jumatano, saa 1 asubuhi: shingo 6, nimelala kwa muda wa saa nne tu. Jumamosi, saa 12 jioni: shingo 2, nimemsaidia jirani kupaka rangi mlango, mkono ulikuwa juu mchana kutwa, tumecheka sana. Mtu huyu alikuwa amejizuia kuinua mkono kwa miezi mitatu akiamini kwamba kuinua mkono ndiko kunakomuumiza, na daftari lake mwenyewe linamwambia vingine.

Unaposoma kurasa zako mwishoni mwa wiki mbili, tazama mambo mawili. La kwanza ni kuchelewa: kwa watu wengi maumivu hayaji wakati wa dhiki bali siku inayofuata, au siku ya mapumziko, mwili unapopata nafasi ya kulegea. Kichwa kinachouma kila siku ya mapumziko hakilalamikii mapumziko. La pili ni lile linalopingana na dhana yako. Ikiwa maumivu yanapanda kila unapoinama upande mmoja, hata siku ambayo moyo ulikuwa mweupe kabisa, basi kuna jambo la viungo au misuli linalohitaji uchunguzi, na usilifunike kwa maelezo ya msongo wa mawazo. Zipo pia siku ambazo shingo itauma bila sababu yoyote ya kuonekana. Ziache zilivyo.

Kinachojulikana kuhusu sindano

Maelezo ya jadi ya Kichina, yaliyokusanywa katika kitabu cha Huangdi Neijing zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, yanasema kwamba mwilini hupita nguvu iitwayo qi katika njia maalumu, na kwamba maradhi huja pale inapokwama au kupungua. Mafundisho hayo yanaunganisha kila kiungo na hisia yake: hasira na ini, majonzi na mapafu, hofu na figo, kuwaza kupita kiasi na wengu, furaha iliyozidi na moyo. Vituo vya kuchoma sindano vinavyotambuliwa rasmi kwenye njia hizo ni 361. Sayansi ya leo haijaziona njia zenyewe katika umbile la mwili, na hulazimiki kuziamini ili upate nafuu. Lakini inafaa uzijue, maana mtaalamu anaweza kukuambia kuwa ini lako limekwama, nawe ukaenda kupima homa ya ini bure. Anazungumzia hasira na mfadhaiko, wala hazungumzii kiungo kinachopimwa maabara.

Kinachoonekana kwenye maabara ni kingine. Sindano inapochoma msuli na kuzungushwa, huamsha mishipa ya fahamu ambayo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, zikiwemo endofini. Katika miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba nalokisoni, dawa inayozuia kazi ya kemikali hizo, ilipunguza pia nafuu iliyoletwa na sindano. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa kwa panya ulionesha kwamba kemikali iitwayo adenosini huongezeka mahali palipochomwa na kuchangia nafuu hiyo.

Swali gumu ni kiasi cha nafuu inayotokana na sindano zenyewe, na kiasi kinachotokana na kulala kimya nusu saa mbele ya mtu anayekujali. Nchini Ujerumani, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007 liliwagawa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa kufuata vituo vya Kichina walikuwa wamepata nafuu ya kutosha, asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo na vituo nao walipata, na katika waliopewa tiba ya kawaida ya dawa, mazoezi na tiba ya viungo ni asilimia 27.4 tu. Anayeipinga akupancha husoma namba mbili za kwanza na kusema kwamba vituo havina maana. Anayeitetea husoma ya kwanza na ya tatu. Nami naona wote wawili wana haki, na kwamba mgonjwa anaweza kuchukua somo la tatu: mandhari ya tiba, utulivu wake na matarajio ya mgonjwa ni sehemu ya dawa, hivyo usikubali kuchomwa kwa pupa katika chumba chenye kelele.

Uchambuzi uliounganisha takwimu za wagonjwa zaidi ya 20,000, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba akupancha huzidi sindano bandia, yaani za kuigiza tu, kwa kiasi kidogo na huzidi kukosa akupancha kwa kiasi kikubwa zaidi katika maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu hubaki hata baada ya mwaka mmoja. Jaribio la Uingereza la mwaka 2013 linahusu suala letu moja kwa moja. Watu 755 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walipangiwa sindano, ushauri nasaha, au huduma ya kawaida peke yake, na baada ya miezi mitatu makundi mawili ya kwanza yalikuwa na unafuu zaidi wa sonona kuliko la tatu. Takriban nusu ya watu hao walikuwa pia na maumivu ya mwili, na kwao sonona na maumivu vilipungua zaidi katika kundi la sindano. Mapitio mengine ya tafiti yanasema ushahidi wa akupancha kwa sonona bado ni dhaifu, kwa hiyo asiyekuwa na maumivu ya mwili asiifanye kuwa tiba yake ya kwanza, na anayemeza dawa za sonona asiziache kwa sababu ameanza kuchomwa.

Kuna hadithi moja inayorudiwa sana na ambayo ni vyema iwekwe sawa. Julai 1971 mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, alitolewa kidole tumbo mjini Beijing, na habari zikaenea kwamba alipasuliwa kwa sindano tu bila dawa ya ganzi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alichomwa dawa ya kawaida ya ganzi. Akupancha aliipata baadaye, tumbo lilipomsumbua baada ya upasuaji. Nafuu aliyoipata ilikuwa ya kawaida tu, na ndiyo aina ya nafuu unayopaswa kuitarajia.

Kumchagua mtaalamu na kuzungumza naye

Nchi nyingi zina chombo kinachosajili au kutambua wanaotoa tiba hii. Anza kwa kuuliza usajili wake, mahali alipofundishwa na muda gani alijifunza, kwani kozi za mwisho wa wiki zipo na zinatoa vyeti vizuri kuliko watabibu. Uliza kama sindano ni za kutumika mara moja tu, na uone pakiti ikifunguliwa mbele yako. Hili halina aibu: sindano zilizorudiwa ziliwahi kueneza homa ya ini aina ya B. Kisha uliza ni mara ngapi atakuona kabla hamjakaa pamoja mkapima kama kuna mabadiliko. Anayekujibu kwa idadi na tarehe ni mtu wa kufanya naye kazi. Anayekutaka ulipie miezi sita mbele, au anayesema uache dawa za hospitali, muage kwa adabu.

Mwambie bila kuulizwa kama una mimba, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una tatizo la kutokwa damu, kama kinga yako ya mwili imepungua, kama una mzio wa madini ya nikeli, au kama umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Huyu wa mwisho hapaswi kufanyiwa akupancha ya umeme, ambayo sindano zake huunganishwa na mkondo mdogo. Mwenye mkono au mguu uliovimba kwa maji ya limfu asichomwe upande huo.

Sasa toa daftari. Hapa wagonjwa wengi huona haya. Wanasema shingo inaniuma, basi, na habari ya nyumba ya marehemu baba inabaki mfukoni. Huna haja ya kusimulia maisha yako. Sentensi moja inatosha: nimegundua kwamba maumivu hupanda siku moja baada ya ugomvi wa kifamilia, na huwa napandisha mabega bila kujijua. Mtaalamu mzuri ataibadilisha kazi yake kwa sentensi hiyo. Huenda akaacha kuchoma mahali panapouma peke yake na kuongeza vituo vya kutuliza, kama kile cha katikati ya nyusi au vile vya sikioni.

Siku yenyewe

Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, kwa sababu mwenye njaa au hofu huweza kuzimia, na vaa nguo zinazokunjika hadi juu ya goti na kiwiko. Omba ulale, usikae, hasa mara ya kwanza.

Sindano za tiba hii si kama zile za hospitali. Zile zina tundu ndani ili zipitishe dawa. Hizi hazina tundu, na nyingi zina unene wa kati ya milimita 0.16 na 0.30, zile nyembamba zaidi zikikaribia unene wa unywele mzito. Nyingi huingizwa kupitia kijibomba cha plastiki kinachobanwa juu ya ngozi, na kidole kinapogonga kichwa cha sindano unasikia mguso wa bomba kuliko mchomo wenyewe. Kisha, sindano ikishuka na kuzungushwa kidogo, huja hisia nyingine ambayo Wachina huiita de qi: uzito, kama mtu amekuwekea jiwe dogo ndani ya msuli, au ganzi inayosambaa polepole kuelekea vidoleni, au maumivu butu yenye utamu wa ajabu. Hiyo ni ya kawaida. Isiyo ya kawaida ni maumivu makali kama cheche za umeme au moto unaoendelea kuunguza. Sema mara moja, nayo sindano itasogezwa. Usivumilie ili uonekane jasiri.

Utaachwa ukiwa umelala kwa dakika 20 hadi 30. Katika muda huo, vuta pumzi kwa puani na uitoe kwa urefu zaidi kuliko ulivyoivuta, bila kulazimisha. Pumzi sita hivi kwa dakika zinatosha. Wengine hupitiwa na usingizi. Wengine hulia. Machozi hayo huwashtua watu, hasa wanaume waliofundishwa kwamba hayatoki, lakini mwili ulioacha kujikaza kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi huyaachia kwa urahisi, na kulia hakumaanishi kwamba sindano imekwenda vibaya wala kwamba huzuni imekwisha. Ukitaka kuwa peke yako, sema; ukitaka mtu abaki chumbani, sema pia.

Baadaye unaweza kuona alama ndogo ya damu, wekundu, uchovu, au maumivu yanayoongezeka kidogo kwa siku moja. Madhara makubwa ni nadra sana. Moja la kulijua ni sindano ya begani, mgongoni juu au kifuani kuingia kina kupita kiasi na kugusa pafu. Ukipata pumzi fupi au kichomi cha kifua, hata saa kadhaa baada ya kutoka, nenda hospitali na ueleze kwamba ulichomwa.

Saa zinazofuata

Watu wengi hutoka kwenye sindano wakiwa wepesi, wakarudi moja kwa moja kwenye simu ileile na hasira ileile, na kesho yake wanasema tiba haikushika. Jipangie saa mbili zisizo na miadi, na utumie utulivu huo kufanya jambo moja ambalo maumivu yalikuzuia. Ikiwa ni mwendo, tembea dakika 15, au inua ule mkono uliokuwa ukiulinda, taratibu, mara chache; ubongo unahitaji kushuhudia kwamba mwendo haukuleta madhara, na somo hilo huingia vizuri zaidi king'ora kikiwa kimya. Ikiwa ni mazungumzo, andika barua ambayo si lazima uitume, au mpigie mtu unayemwamini. Ikiwa huzuni ni nzito au ni ya muda mrefu, huu ndio wakati wa kuweka miadi na mshauri nasaha au daktari wa akili, kwa kuwa aliyelegea huweza kusema mambo ambayo aliyejikaza hayapati mdomoni. Usiku huo lala mapema.

Kujibonyeza mwenyewe kati ya siku za tiba

Sindano usijichome. Kidole kinatosha kwa siku za katikati. Geuza kiganja kitazame juu, weka vidole vitatu vya mkono mwingine juu ya kifundo kuanzia kwenye mkunjo wa karibu na kiganja, na mahali kidole cha tatu kinapoishia, kati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi, ndipo penye kituo cha Neiguan. Kinafahamika zaidi kwa kupunguza kichefuchefu, na wenye wasiwasi wanaokunja tumbo hukipenda. Kingine, Hegu, kipo kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, nacho hutumika kwa kichwa na taya. Mwenye mimba akiache, kwani kwa jadi kinahusishwa na kuamsha uchungu wa uzazi. Bonyeza kwa gumba hadi upate uzito butu, shikilia kwa dakika moja au mbili ukitoa pumzi ndefu, kisha upande wa pili. Faida yake si kubwa, lakini mkono unaotafuta kituo hugundua pia kwamba taya limebana, na hapo unaliachia.

Kupima na kuacha

Kawaida tiba huanza kwa mara moja au mbili kwa wiki. Panga kufanya tathmini baada ya mara sita. Rudi kwenye daftari, tafuta wastani wa namba za wiki ya mwisho na uulinganishe na ule wa wiki mbili za mwanzo: kushuka kwa alama 2 au kwa asilimia 30 hivi kunahesabiwa kuwa nafuu yenye maana. Tazama na mambo mengine yasiyo na namba, kwa mfano unalala kwa muda wa saa ngapi, umerudia kazi gani uliyokuwa umeiacha, umepokea simu ngapi ulizokuwa unazikwepa. Inawezekana shingo imeshuka kutoka 6 hadi 5 tu, lakini sasa unalala kwa muda wa saa saba. Hiyo ni sababu ya kutosha kuendelea hadi mara 10 au 12. Ikiwa baada ya mara sita hakuna kilichosogea, kwenye namba wala nje ya namba, mwambie mtaalamu kwamba unaacha, na uzielekeze fedha na siku hizo kwenye mazoezi ya viungo, ushauri nasaha au uchunguzi mwingine.

Kwa aliyepata nafuu, siku za sindano zitanuliwe polepole: kila wiki mbili, kisha kila mwezi, kisha pale panapohitajika. Daftari libaki karibu. Maumivu yakirudi, na mara nyingi yatarudi siku moja isiyotarajiwa, lifungue usome kwanza safu ya matukio ya siku mbili zilizopita, kisha ndipo uamue kama unayehitaji kumpigia simu ni mtaalamu wa sindano au ni kaka.